Kuandika Barabara Kila Siku

Wanangu, mnaniuliza niliwezaje kuandika kila siku kwa miaka yote ile bila kuishiwa. Mnaniuliza huku simu ziko mikononi, simu zinazotuma picha kabla aliyepigwa hajafunga mdomo. Nitawajibu, ila msitegemee siri za uandishi. Mimi nilikuwa mkata tiketi wa mabasi pale stendi ya Nachingwea, na nilichoandika kilikuwa kitu kimoja tu: barabara. Inapitika, haipitiki. Basi limetoka, basi halijafika. Basi.

Nilianza kwa chaki, miaka ya tisini. Ofisi yetu ilikuwa kibanda cha mbao chenye dirisha moja, na mkubwa wangu wa kazi alikuwa Mzee Mwaipopo, mtu wa Tukuyu aliyeletwa kusini na kazi ya serikali, akastaafu, akafungua uwakala wa mabasi kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alikuwa amechoka kufungasha vyombo. Nje ya kibanda alitundika ubao mweusi. Kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha lazima ubao uwe umeandikwa: njia ya Masasi ikoje, njia ya Ruangwa ikoje, kutoka Nanganga kwenda Lindi kukoje. Habari tulizipata kwa madereva walioingia jana yake.

"Kwa nini tusiandike pale tu njia inapoharibika?" nilimuuliza. Nilikuwa msichana, chaki inanikausha vidole, naona kazi bure.

"Ukiandika siku za ubaya tu," akasema, "watu wakikuona umeshika chaki watakimbia."

Wiki zangu za mwanzo niliwahi kuifunga barabara nzima kwa neno moja. Dereva mmoja, mtu wa Lindi mjini, alishuka na kuniambia, "Dada Somoe, waambie wenzangu wawe waangalifu pale Mkotokuyana, tembo tele barabarani." Nikaandika kwa herufi kubwa: TAHADHARI, TEMBO MKOTOKUYANA. Abiria wakakataa kupanda. Akina mama waliotaka kwenda shamba wakarudi na majembe yao. Askari wa wanyamapori akaja na bunduki na mwenzake, wakaenda, wakakuta ngoma ya jando imemalizika na wanaume wamelala njiani wamelewa chakari. Yule dereva kwao pombe yoyote ya kienyeji ni tembo! Askari alirudi akaniangalia, akamwangalia Mzee Mwaipopo, akaondoka zake.

Mzee hakunigombeza. Alifuta ubao, akaniambia, "Kuanzia leo, mtu akikuletea habari, muulize matatu. Nani ameona? Ameona nini hasa? Ameona lini? Akisema 'wanasema', mpe kiti akae, umpe na maji, lakini usimpe chaki."

Hayo matatu ndiyo niliyokwenda nayo mpaka mwisho. Mzee Mwaipopo alikufa, akazikwa kwao Tukuyu, mimi nikabaki na kibanda na ubao.

Blogu ilikuja baadaye sana, miaka ile ya elfu mbili ikikaribia kuisha. Mwalimu Byabato, mtu wa Bukoba aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari, alifungua kafe ya intaneti karibu na stendi, kompyuta chache na jenereta linalokohoa. Kila asubuhi alipita kusoma ubao wangu. Siku moja akaniambia, "Bi Somoe, watu wa huku walioko Dar kila mmoja ananiuliza njia ikoje. Ubao wako hauonekani Ubungo. Njoo nikuwekee ubao mwingine."

Tukaiita Barabara Leo. Nilichapa kwa kidole kimoja, Mwalimu amesimama nyuma yangu akiugulia kama mtu anayeng'olewa jino. Kiangazi kile hakukuwa na lolote. Nilichapa: "Njia kavu. Vumbi." Kesho yake: "Njia kavu. Vumbi zaidi." Nikasema Mwalimu, tunachezea umeme. Akanionyesha pale chini penye maoni. Mtu wa Temeke ameandika: "Ahsante kwa vumbi, dada. Nimelisikia mpaka puani."

Sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wenu mnapochoka. Siku za vumbi ndipo watu wanapokuzoea. Wanajifunza unavyosema. Wanajua ukiandika "inapitika" ni tofauti na ukiandika "inapitika kwa shida", na ukiandika "nimeambiwa" ni tofauti na "nimeona". Huwaoni, lakini wao wanakusoma kama mtu anavyosoma uso wa mama yake akirudi kutoka hospitali. Mimi sikulijua hilo mpaka masika moja yalipokuja.

Mume wangu, Mfaume, alikuwa dereva. Tulijuana palepale stendi, tukaoana, tukamzaa Zuhura. Wakati ule alikuwa akiendesha basi la bluu la tajiri mmoja wa Masasi, linatoka Lindi, linapita Nanganga, linaingia Ruangwa na kumalizia Nachingwea. Kati ya Nanganga na Ruangwa njia ilikata mito miwili midogo, mito ambayo kiangazi watoto hucheza mpira ndani yake. Madaraja yake yalikuwa yale ya chini, zege tupu, maji yakijaa yanapita juu.

Siku hiyo mvua ilianza asubuhi na haikupumua. Mchana Mama Chande, muuza mihogo ya kukaanga pale Nanganga, akanipigia. Yeye ndiye alikuwa macho yangu upande ule. "Shemeji yangu Mfaume kapita na basi lake sasa hivi," akasema. "Kanunua mihogo, kanidai chumvi. Limejaa watu." Ruangwa alikuwepo wakala mwenzangu, Chilumba. Jioni nikampigia. Basi halijafika. Nikampigia tena. Halijafika. Mabondeni kule hapakuwa na mtandao, kwa hiyo simu ya Mfaume kuwa kimya haikuniambia kitu.

Kabla Mwalimu hajazima jenereta nikaandika: "Basi la Lindi limepita Nanganga mchana, nimeambiwa na aliyeliona. Ruangwa halijafika. Mvua ni kubwa." Nikaandika hayohayo kwa chaki ubaoni, nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilikuta watu stendi kabla sijafika mimi. Wanawake wameketi chini, khanga kichwani. Nilipowaamkia, wengine hawakuitikia. Nikaenda moja kwa moja kafe. Mwalimu alikuwa ameshawasha kompyuta, na hakunipa kiti kama kawaida yake, alibaki amekaa yeye.

"Usisome kwanza," akasema.

Nikasoma. Chini ya maneno yangu ya jana, mtu asiyejitaja jina ameandika: "Basi la bluu limesombwa na mto usiku. Hakuna aliyepona. Dereva kakimbia. Poleni wafiwa." Chini yake, maoni juu ya maoni. Innalillahi. Mungu awapokee. Kuna aliyeuliza, "Dada yangu alikuwa amevaa baibui jeusi, kuna aliyemwona?" Kuna aliyeandika, "Dereva huyo akipatikana tumalizane naye." Na watu wa Dar walikuwa wameshapiga simu nyumbani. Mitaa mingine walikuwa wanatoa viti nje na kutandika mikeka.

Mwalimu akaniambia taratibu, "Leo usiandike, Bi Somoe. Mumeo yumo. Niachie mimi."

"Utaandika nini?"

"Nitaandika… kwamba tunasubiri."

"Wakiona si maneno yangu watasema nimeshakaa eda. Nipishe."

Lakini sikuwa na cha kuandika. Nikatoka nje, nikampigia Mama Chande. Niliegemeza simu ukutani, nikaweka sikio juu yake.

"Mama Chande, nani kaona basi likisombwa?"

"Wote wanasema, dada."

"Nani kaona?"

"Hapa gulioni kila mtu anasema."

"Mama Chande, nakuomba. Nenda kamtafute mmoja aliyekuwa pale mtoni, ameona kwa macho yake. Mmoja tu. Nipe niongee naye."

Alienda. Nilisubiri pale ukutani, na wakati nasubiri akaja Bwana Massawe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mkewe alikuwa ndani ya basi lile akitokea kliniki Lindi. Alikuwa mtu mpole, ananiuzia misumari kwa mkopo. Siku ile macho yalikuwa mekundu.

"Mama Zuhura, niambie ukweli."

"Sijui, Bwana Massawe. Natafuta."

"Hujui? Mumeo ndiye dereva, wewe ndiye mwenye habari, halafu hujui?" Sauti ilipanda, watu wakageuka. "Kakimbia! Kakupigia simu, nawe unamfunika! Jana umeandika 'halijafika, halijafika', kumbe watu wamo majini!"

Watu wakasogea. Mwanamke mmoja akanishika mkono, si kwa ubaya, ila hakuuachia. "Sema tu, dada," akasema. "Hata kama ni kubaya, sema."

Nitawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile. Moyoni nilikuwa naomba Mwenyezi Mungu awe amekimbia kweli. Mnajua madereva wetu, ajali ikitokea anaingia porini, maana wananchi hawasubiri polisi. Nilimwona Mfaume kwa macho ya moyo akikimbia katikati ya mikorosho, matope mpaka magotini, mwoga, mwenye aibu, lakini yuko hai. Na hapohapo nilikuwa najua kwamba mtu ninayemwomba Mungu ampe miguu ya kukimbia atakuwa amewaacha abiria majini. Nilitaka hivyo hivyo.

Simu ikalia. Mama Chande amempata mzee mmoja mvuvi wa kambare aliyekuwa mtoni jioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, umeliona basi?"

"Nimeona kitu cha bluu kinakwenda na maji. Kikubwa. Kinapinduka pinduka."

"Umeona magurudumu?"

Nikasikia wanaongea Kimwera pembeni. "Magurudumu sikuyaona."

"Umeona madirisha? Mtu? Mizigo?"

"Magunia nimeona. Mtu sikuona. Ni bluu tu, mwanangu, na giza lilikuwa linaingia. Kilikuwa kinapinduka kama nguo."

Kama nguo. Nikalishika neno lile. Basi halipinduki kama nguo. Lakini nilikuwa mke wa mtu, na mke wa mtu anaweza kusikia anachotaka kusikia. Nikarudi ndani, nikamwambia Mwalimu asimame, nikaketi. Bwana Massawe na wengine wakaingia wakajaa mlangoni, wakiangalia kidole changu kinavyotafuta herufi. Nikaandika hivi:

"Asubuhi hii basi la Lindi halijafika Ruangwa. Mzee aliyekuwa mtoni jana jioni upande wa Nanganga ameona kitu kikubwa cha bluu kikienda na maji, na magunia. Hakuona magurudumu wala watu. Sijampata mtu aliyeliona basi likisombwa. Sijui basi liko wapi. Sijui dereva yuko wapi. Dereva ni mume wangu."

Nikageuka. "Soma, Bwana Massawe. Palipo na uongo niambie nifute."

Alisoma mdomo ukicheza. Akasoma tena. Halafu akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule, akaegemea ukuta. "Andika," akasema.

Nikabonyeza. Na pale ubaoni stendi Mwalimu alikwenda kuyaandika kwa mkono wake.

Maoni yaliyokuja sitawasomea yote. Kuna walionitukana. Kuna mmoja aliyeandika, "Angalau huyu kasema sijui." Lakini nilisikia baadaye kwamba mitaani mikeka ilibaki imetandikwa bila mtu kuanza kulia kwa sauti. Watu walikuwa wanangoja.

Chilumba alinipigia jua lilipokuwa linataka kutoka mawinguni. Alikuwa amepanda pikipiki mpaka pale mtandao unapoishia, na pale akakutana na mtu wa baiskeli aliyetoka kwenye mto wa pili, ule wa upande wa Ruangwa. Nawaeleza kama alivyonieleza. Mfaume alivuka mto wa kwanza maji yakiwa chini. Alipofika wa pili akakuta maji yanapita juu ya zege yakivuma. Akasimama. Abiria wakapiga kelele, vuka, wewe dereva gani, wenzako wanavuka. Akazima gari, akashuka, akaweka ufunguo mfukoni. Alipotaka kurudi nyuma, mto wa kwanza nao ulikuwa umejaa. Wakakaa katikati ya mito miwili, wote ndani ya basi. Kile cha bluu kilikuwa turubai la lori lililojaribu kuvuka nyuma yao. Lori limezama nusu, dereva na utingo wametoka kwa upande wa pili na kuungana na abiria.

"Kwa hiyo wazima," nikasema. Nilikuwa nimeshikilia meza.

Chilumba akashusha sauti.

"Dada Somoe, huyu mwenye baiskeli alikuwa ng'ambo. Wamesemeshana kwa kupiga kelele juu ya maji. Amesikia hivi: kuna mmoja amejitosa alfajiri kuvuka kwa miguu. Mumeo amemkataza, amemshika mpaka shati, akamponyoka. Maji yamemchukua."

"Nani?"

"Amesikia Shabani. Shabani wa Bi Hadija. Lakini maji yalikuwa yanavuma, dada. Anaweza kuwa Ramadhani. Anaweza kuwa mtu mwingine."

Bi Hadija alikuwa jirani yangu wa nyumba ya tatu. Mumewe alikuwa amefariki, na kesho yake ilikuwa arobaini. Shabani, mwanawe mdogo, alikuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo Lindi, na tuliambiwa anakuja.

Sasa niambieni ninyi. Mlangoni wamejaa watu wanaokufa kwa kungoja. Ninayo habari ya kuwafufua karibu wote, dakika hii. Na ndani ya habari hiyo kuna mama mmoja wa kuuawa, tena kwa jina lililopigwa kelele kuvuka mto. Nikisubiri mpaka niwe na hakika, Bwana Massawe anaendelea kukaa sakafuni. Nikiandika yote, Bi Hadija ataambiwa na mtu anayesoma kwenye simu.

Nikaandika: "Basi la Lindi limeonekana. Limesimama kati ya mito miwili. Halikuingia mtoni. Dereva hakukimbia, yuko na abiria. Maji yakishuka litakuja Ruangwa."

Bwana Massawe alisoma akatoka mbio, nikamsikia anapiga kelele stendi nzima, na wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu Byabato alinitazama. Alikuwa amesikia simu yote. "Umefanya vizuri," akasema. "Hujasema uongo."

Nami nilidhani nimefanya vizuri. Nilikuwa nafunga khanga niende kwa Bi Hadija, nikakae naye, nisubiri Chilumba apate hakika, nimwambie kwa mdomo wangu polepole. Sikufika mlangoni. Bi Hadija alikuwa anaingia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, unga bado uko kwenye viganja, maana walikuwa wanatayarisha vyakula vya arobaini. Mkononi ameshika simu ya jirani, mbali na mwili, kama kitu cha moto.

"Mwanangu," akasema. Hakuniamkia. "Juma kapiga kutoka Temeke. Anasoma maandiko yako kila siku, huyo. Anasema umeandika basi limeonekana."

"Ndiyo, mama."

"Anasema, basi lile lilipokwama mwaka jana uliandika 'abiria wote wazima'. Na la Masasi lilipopinduka uliandika 'wote wazima'. Anasema Bi Somoe haachi neno." Aliinua simu kidogo. Juma, mwanawe mkubwa, alikuwa bado yuko hewani, nilisikia anavyohema. "Anauliza, mbona leo hukuandika wote?"

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea nje. Miaka yote nilidhani kazi yangu ni yale ninayoyaandika. Kumbe na nisiyoyaandika yalikuwa yanasomwa, na wanaonisoma waliyajua kuliko mimi.

"Mama, kaa."

"Nani?"

"Kaa kwanza."

"Somoe. Nani?"

Nikamwambia kama nilivyofundishwa, nani ameona, ameona nini, ameona lini. Nikamwambia jina limevuka mto kwa kelele na huenda limeharibika njiani. Sikumwambia ni yeye, wala sikumwambia si yeye. Bi Hadija alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka simu sikioni akamwambia Juma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njoo nyumbani." Akaangalia viganja vyake, akavipangusa unga kwenye khanga, kimoja, halafu kingine. Hapo ndipo alipoanguka, mimi na Mwalimu tukamdaka.

Maji yalishuka kesho yake. Basi liliingia Nachingwea mchana likiwa na matope mpaka madirishani. Bwana Massawe alimpokea mkewe, akabeba mizigo yake yote mwenyewe, akapita mbele yangu hatukuangaliana. Baada ya siku kadhaa aliniletea misumari ambayo sikuagiza.

Mfaume hakushuka upesi. Nilipanda nikamkuta bado ameshika usukani. Shati lake lilikuwa na alama ya kidole kimoja ya damu iliyokauka pale kwenye kishikizo.

"Nilimshika," akasema. "Alikuwa na nguvu."

Nyumbani, alipokwishaoga na kula, alinitazama. Watu walikuwa wamemwambia. "Mama Zuhura. Umewaandikia watu hujui kama nimekimbia?"

"Nimeandika sijui uliko."

"Mimi mumeo."

"Tabia yako naijua, Baba Zuhura. Ulipo nilikuwa sipajui. Wanaosoma wanataka ulipo."

Hakunisamehe siku ile, na siku nyingine alipokasirika kwa jambo lingine kabisa, sukari au ada ya shule, alinirushia neno lile: "Wewe si hunijui." Nami nililipokea. Kazi hii ina vitu vyake inavyochukua nyumbani, msidanganyike.

Shabani alipatikana kwenye mashamba ya mpunga kule chini, maji yalipokauka. Akazikwa karibu na baba yake. Arobaini, iliyokuwa imeahirishwa, ilisomwa huku kaburi la pili bado lina udongo mbichi.

Siku zile zote niliendelea kuandika njia. Mto wa kwanza unapitika. Mto wa pili unapitika kwa shida, gari kubwa zisubiri. Habari ya Shabani sikuiandika bado, lakini watu walikuwa wameshaijua, na maoni yakaanza. Mmoja akaandika, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mwingine akaongeza, "Dereva alimwambia, kajitakia." Nilifuta. Wakaandika tena, nikafuta tena. Mwalimu akanionyesha namna ya kuzuia maoni yasitokee mpaka niyaone kwanza, na tangu siku ile sikuacha. Ninyi mnaona kufuta ni kunyima watu uhuru. Nilijua wapi mama yake Shabani anakaa.

Halafu asubuhi moja Bi Hadija akaja kafe mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha Mwalimu, akaitazama kompyuta kama mtu anavyotazama mgeni asiyemwamini.

"Ni humu unamoandika?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu umeshamwandika?"

"Bado, mama. Nilikuwa nangoja ruhusa yako."

"Umetayarisha nini? Nisomee."

Nilikuwa nimetayarisha. Nikamsomea. Kwamba abiria aitwaye Shabani alitoka ndani ya basi alfajiri. Kwamba dereva alimkataza na kumshika. Kwamba aliingia majini na maji yakamchukua. Kwamba abiria wengine wote ni wazima. Nilikuwa nimeyapima maneno yale moja moja, nimeuliza waliokuwepo, nimefuta nusu yake. Mzee Mwaipopo mwenyewe asingepata pa kuweka kidole.

Bi Hadija alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Ni kweli yote hayo?"

"Ni kweli, mama."

"Alikatazwa?"

"Alikatazwa, mama. Samahani."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hilo ninalijua. Alikuwa mbishi tangu tumboni." Akaigeukia tena kompyuta. "Na alikuwa anakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Arobaini ya baba yake."

"Na hilo, je? Si kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Basi anza na hilo."

Nikafuta yote, nikaanza na hilo.